Wauza kompyuta na mafundi wa Mbeya, mnatujazia uchafu usiofutika na bando tunalipa sisi!

Wakuu, nimechoka na leo nasema.

Nina steshenari hapa Uyole. Kuchapa barua, kuskani vyeti, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya chuo na ya mkopo. Intaneti yangu ni bando la simu, nawasha hotspoti nafanya kazi, kwa hiyo kila MB inayopita hapo nimeilipia. Halafu kuna dude sikuliweka mimi, nimeshalifuta, na bado linakula bando langu usiku na mchana!

Mashine nilinunua mtumba kwenye duka moja pale Mwanjelwa. Ikaja na programu inayojiita kisafishaji cha kompyuta. Mteja amesimama kaunta anasubiri CV, ghafla bango jekundu linachomoza kona ya chini: mashine yako ina hitilafu mamia, lipia zirekebishwe. Nikaingia kwenye orodha ya programu, nikaifuta, ikaniambia imeondolewa. Kesho yake nawasha mashine, bango lile lile.

Eleweni kinachofanyika, maana huu ni uhuni wa makusudi. Programu nyingi za Windows ukizifuta, Windows yenyewe haifuti kitu. Inaita kifutio alichokitengeneza mwenye programu, na huyo ndiye anayeamua kitoke nini kibaki nini. Wahuni wanatoa ikoni na jina, basi. Nyuma wanaacha huduma, yaani programu isiyo na dirisha inayofanya kazi kimyakimya, inayojiwasha mashine ikiwaka tu, hata hujaingiza nywila. Wanaacha na kazi ya ratiba inayochungulia kila mara kama ile huduma ipo. Ikiikosa, inaishusha upya mtandaoni. Niliiambia Windows kwenye mipangilio kwamba hii ni intaneti ya kupimiwa (metered), yaani ya kulipia kila MB. Windows ikatii, masasisho yake ikayapunguza. Hili dude likaendelea kuvuta kama kawaida.

Nilivyolitoa ni hivi, na mwenye shida hiyo afuate mpangilio huu huu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc. Utaona orodha ndefu ya huduma. Langu lilijipa jina la kufanana na sasisho la Windows, lakini nilipobofya mara mbili, njia ya faili ilikuwa ndani ya ProgramData, folda ambayo Windows huificha. Nikalisimamisha, likarudi. Nikalisimamisha tena, likarudi tena, mbele ya macho yangu! Ukiona hivyo ujue kuna mlinzi. Kwa njia ile ile ya Windows na R fungua taskschd.msc, ndiyo orodha ya kazi za ratiba, tafuta kazi inayoita faili kutoka folda ile ile, izime kisha uifute. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye huduma, uisimamishe, uizuie isijiwashe, halafu ufungue cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike sc delete na jina la huduma. Jina linalotakiwa ni lile la ndani, utaliona juu kabisa ukiibofya huduma yenyewe, siyo lile refu la kwenye orodha. Ukiwasha mashine upya, futa folda. Malizia kwenye rejistri, ghala la mipangilio ya Windows linalofunguka kwa regedit, sehemu ya Run iliyo chini ya CurrentVersion, pande zote mbili, ya mtumiaji na ya mashine nzima. Kagua na kivinjari, viongezi pamoja na tovuti zilizopewa ruhusa ya kutuma arifa. Ila huduma usiyoijua usiiguse kabla hujaangalia njia yake na sahihi ya mtengenezaji, utaua printa au sauti.

Sasa mama mwenye duka la nguo anayetaka tu kuandika risiti zake, haya yote atayajulia wapi?

Na msidhani haya ni ya vichochoroni pekee. Lenovo waliuza laptopu zilizotoka kiwandani na Superfish, programu ya kuchomeka matangazo ndani ya kurasa unazozisoma. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba hata ukiifuta, cheti chake cha usalama kinabaki kwenye mashine, na kwa cheti hicho mwizi angeweza kughushi tovuti salama, hata ya benki. Mwaka 2017 wakamalizana na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani na majimbo 32, wakakubali kulipa majimbo hayo dola milioni 3.5. Kule kampuni kubwa ilibanwa. Huku kwetu muuzaji anakuambia "mashine ni mtumba mama, vumilia".

Mafundi ndio mnaniumiza zaidi. Kila tatizo dawa yenu ni moja: "lete tupige windows," yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mteja analipa, picha za watoto zinapotea, na fleshi mnayopigia ndiyo imebeba kisafishaji kile kile, antivairasi ya majaribio na kiwashi cha wizi, kile cha kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane halali, kinachotaka ulinzi wa Windows uzimwe kwanza. Kwa nini? Microsoft wanatoa chombo cha kutengeneza fleshi safi bure kwenye tovuti yao. Laptopu iliyokwisha kuwa na Windows 10 halali, ukiirudishia toleo lile lile inajiwasha leseni yenyewe ikipata intaneti. Hakuna sababu ya kuweka kiwashi cha wizi kwenye mashine ya namna hiyo, na nyinyi mnajua.

Nataka mashine ikiuzwa, muuzaji afungue orodha ya programu na ya huduma mbele ya mnunuzi kabla hela haijatoka mfukoni. Akikataa, ondokeni.

Wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, tupieni hapa majina ya huduma mnazozikuta kwenye mashine za mtumba pamoja na njia za faili zake, tuwe na orodha moja. Fundi anayetumia fleshi safi naye ajitokeze na aseme yuko mtaa gani, nina wateja wa kumpelekea.