Cessna 172 mbili, nichukue ipi?

Mruka Pole: Wakuu, habari zenu. Nina leseni ya urubani binafsi, natafuta ndege yangu ya kwanza. Nimepata Cessna 172N ya 1978, injini ina saa 600 tu tangu oveholi (kufunguliwa yote na kufanywa upya), rangi inang'aa, ila miaka ya karibuni imelala hangani. Nyingine ni 172M ya 1975, saa 1,650 tangu oveholi, viti vimechanika, lakini inaruka karibu kila wiki. Moyo uko kwa N. Mnasemaje?

Fundi Spana: Chukua ya viti vibovu. Mimi ni fundi wa ndege, na saa 600 hazinipi raha mpaka nijue zimetembea kwa miaka mingapi. Kwenye hizi injini za Lycoming kamshafti, mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya krankshafti, mhimili mkuu unaozungusha propela. Ndege ikilala, oili inachuruzika yote chini, kamshafti inabaki kavu, kutu inaanza. Ukija kuiruka, tapeti, vyuma vinavyosukumwa na kamshafti, zinaisaga taratibu na wewe husikii kitu. Tena N za mwaka huo zilitoka na O-320-H2AD, injini yenye sifa mbaya hapohapo kwenye kamshafti na tapeti. Kuhusu muda wa oveholi, Lycoming hawasemi saa 2,000 peke yake, wanasema saa 2,000 au miaka 12, kitakachotangulia. Oveholi ilikuwa mwaka gani?

Mruka Pole: 2001. Ila silinda zimepimwa mgandamizo, zote 74 kwa 80 au zaidi.

Fundi Spana: Mgandamizo unakuambia habari za vali na ringi. Kamshafti iliyolika haionekani hapo. Kata filta ya oili, tandaza karatasi yake mezani, pitisha sumaku. Ikinasa vipande vya chuma, achana nayo.

Bawa Juu: Na vitabu vya matengenezo usome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Propela ikishagonga chini, injini inatakiwa ifunguliwe ndani, si kufungwa propela mpya na kuondoka. Fundi wa ukaguzi asiwe yule anayeihudumia siku zote. Hiyo M nayo ipigie bei ya ndege yenye injini iliyokwisha, maana saa 350 zilizobaki kufika 2,000 si nyingi.

Mruka Pole: Muuzaji wa N anasema filta imebadilishwa juzi, ya zamani imetupwa. Jumamosi naenda kuiona M.

Fundi Spana: Beba tochi na kioo kidogo. Inua zulia uangalie kutu, na usisahau reli za viti, 172 za umri huo matundu yake hulika.