A mbili zinaniliza kwenye poka ya limiti, bora niwe nafuata tu?

Kijana wa Nyegezi:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Huku Nyegezi tuna kikundi chetu tunakutana kila Jumamosi usiku tunacheza poka ya Texas, kila mtu na karata zake mbili na tano za mezani ni za wote, ile ya limiti yaani dau limepangwa, ni 200 kabla ya karata za mezani na kwenye zile tatu za kwanza, afu inakuwa 400 kwenye ya nne na ya tano. Tunakuwa sita au saba. Sasa hawa jamaa hawatupi karata kabisa, mtu ana 7 na 4 anafuata, yaani analipa dau lililopo, mpaka mwisho. Juzi nimepata A mbili, nikapandisha, wakanifuata wanne wote, mwisho yule wa 7 na 4 akatoka na 7 mbili na 4 mbili akabeba mzigo. Wiki ya nyuma yake vilevile. Naona bora niwe nafuata tu kimyakimya nione kwanza mezani kuna nini, maana kupandisha hakumtoi mtu. Niko sahihi?

Mwana Kirumba:
Hapana mkuu, hauko sahihi, na hapa ndo wengi tunapoteza hela bila kujua. A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama asilimia 85. Dhidi ya wanne zinashuka mpaka kama 56, na dhidi ya tisa ni 31 tu. Kwa hiyo ni kweli unapigwa mara nyingi zaidi watu wakijaa. Ila piga hesabu ya hela, usihesabu vidonda. Mko watano, kila mtu kaweka 400, mzigo ni 2,000, wewe fungu lako ni 56% yaani 1,120 na umetoa 400. Ukifuata tu bila kupandisha mzigo ni 1,000, fungu lako 560 umetoa 200. Ya kwanza inakuachia 720, ya pili 360. Wewe ni mtu wa Mwanza bwana, una sangara mzuri pale Mwaloni na wanunuzi wamekuzunguka, unapunguza bei?
Afu kumbuka A mbili zinakuja mara 1 kati ya 221. Kwa kugawa kwa mkono, tuseme mara 25 kwa saa, hayo ni karibu masaa 9. Ukisubiri muda wote huo afu ukafuata tu, inauma.

Kijana wa Nyegezi:
Nimekuelewa mkuu, sikuwahi kuiangalia hivyo. Ila mtu anayetafuta flashi, zile karata tano za aina moja kama kopa tupu, je, huyo si anapata faida kwangu?

Mzee wa Bwiru:
Mdogo wangu, anayetafuta flashi akiwa amebakiza karata moja ana 9 zinazomfaa kati ya 46 asizoziona, mara 1 kati ya 5 hivi. Mzigo ukiwa mkubwa kufuata kwake 400 ni sawa kabisa, usimkasirikie, lakini kila 400 anayoweka kwenye karata ya nne sehemu kubwa yake ni yako, ndo maana usimpe karata ya bure hata siku moja. Kosa ni kucheki, yaani kupitisha zamu bila kuweka dau, ukidhani unategea.
Kitu kingine ambacho hamkifanyi nyie vijana ni kuangalia nani amekaa wapi. Kama anayependa kuweka dau yuko kuliani kwako na zamu yake ni kabla yako, akiweka tu wewe pandisha hapohapo, wote wa nyuma yako wanakuta 800 badala ya 400, na hapo hata hao wa Nyegezi wanaanza kutupa. Kama yeye ndo wa mwisho na wewe ni wa kwanza, cheki, muache aweke, zamu ikikurudia pandisha, wa katikati wote wamebanwa. Lakini akiwa kushotoni kwako tu usimtumie hivyo kuwatoa watu, maana wote watakuwa wameshafuata dau moja na hiyo moja ya pili hawaikatai. Hapo unakusanya hela tu, nayo si mbaya.

Kijana wa Nyegezi:
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Na nikijua nimepigwa?

Mzee wa Bwiru:
Marahaba. Mtu mpole ambaye usiku mzima anafuata tu, akikupandishia kwenye karata ya nne, mwamini, ana zaidi ya jozi yako. Acha kumrudishia, fuata. Ila kwenye karata ya tano usitupe kwa hasira, mzigo ukiwa 4,800 na unadaiwa 400, inatosha ushinde mara 1 kati ya 13.

Mwana Kirumba:
Naongezea tu, hiyo ni kwa A mbili. K mbili halafu A ikaangukia mezani, mko watano, mmoja anaweka dau na mwingine anapandisha kabla haijakufikia, tupa hapohapo.

Kijana wa Nyegezi:
Yule wa kuliani kwangu ndo huwa anaweka kila karata. Jumamosi napandisha.