Mzee katoka hospitali na nimonia ya virusi, shangazi kaleta dawa ya chupa, tumpe?

Binti_Handeni:
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 67, juzi juzi alilazwa siku 5, mafua yalishuka kifuani daktari akasema nimonia ya virusi, akawekewa oksijeni. Sahivi yuko home ila akipanda ngazi tatu za barazani anahema kama katoka kukimbizwa. Sasa leo shangazi kashuka na basi, kabeba chupa ya soda imejaa maji meusi, mkaratusi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kichaa, vimechemshwa mpaka maji yakabaki nusu, eti inatoa uvimbe kwenye mapafu, glasi kutwa mara tatu. Nimenusa tu machozi yakanitoka. Mzee mwenyewe anaitaka, shida anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu igande mguuni mwaka jana. Na kumkatalia shangazi mnajua ilivyo.

Chanika_Boy:
Mpe dada acha uoga. Kipindi cha korona si tulijifukiza nchi nzima, NIMR wenyewe, wale watafiti wa magonjwa wa serikali, wakatoa dawa ya mitishamba NIMRCAF, mpaka ndege ikaenda Madagascar kufuata ile dawa ya mmea wa artemisia. Mi nilipiga nyungu ya majani ya mpera na mchaichai siku nne nikawa fiti.

Nesi_Mstaafu:
Chanika mwanangu, ulipona kwa sababu ni kijana, wenzako kibao walipona na hawakujifunika hata shuka.
Binti, mvuke unafungua pua na kulainisha koo basi, hauzimi uvimbe kule chini kwenye vifuko vya hewa. Ule uvimbe ni kinga ya mwili yenyewe inapigana na virusi mpaka inapitiliza, vifuko vinajaa majimaji oksijeni inashindwa kupita. Tangawizi ina kitu kinaitwa jinjeroli, maabara kinapunguza uvimbe kweli, ila toka maabara mpaka pafu la mzee ni safari. Hata deksamethasoni, ambayo Juni 2020 Waingereza walionyesha inapunguza vifo karibu theluthi kwa wagonjwa wa korona walio kwenye mashine ya kupumulia, kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia kitu. Kwahiyo hata dawa ya uvimbe ina mtu wake na wakati wake.
Kinachonitisha hapo ni warfarini. Saumu na tangawizi nyingi hivyo juu yake, mzee anaweza kuvuja damu. Na mkaratusi ni wa kufukiza, sio wa kunywa, mafuta yake ni sumu. Usimpe, kampime INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikipanda sana ndio hatari ya kuvuja, na chupa uende nayo. Tafuta na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ikishuka chini ya 94 piga simu kwa daktari, ikigusa 90 usipige simu, nenda.

Mama_Watatu:
Nesi shikamoo, umenena. Na hiyo nyungu jamani sufuria ikae chini, jirani yangu alimpakata mtoto wakajifunika wote, maji yakamwagika mapajani kwa mtoto. Kuhusu shangazi mwambie daktari kaomba kuiona dawa yake, atafurahi huyo.

Binti_Handeni:
Nesi shikamoo na asante. Tumetoka kliniki, INR imesoma 3.9 na mwezi uliopita ilikua 2.4!! Kumbe mzee alishakunywa glasi mbili usiku tumelala. Daktari anasema antibayotiki za wodini nazo zinaweza kuchangia, kasimamisha warfarini kidogo tunarudi kupima keshokutwa. Chupa kaiona, kainusa, akamshukuru shangazi kwa heshima zote akasema isubiri. Leo asubuhi kidole kimesoma 96. Shangazi kavaa miwani kaisoma mwenyewe, akatugeukia, "mnaona, glasi mbili tu hizo."

Chanika_Boy:
😂😂 shangazi apewe maua yake

Nesi_Mstaafu:
Marahaba. Chupa ifungieni kabatini, na funguo asishike mzee.