Mada: Watoto wana pasipoti ya nje, getini wanataka dola

Mama Mapacha, Bremen:
Wapendwa za majukumu, naombeni msaada kwa anayejua. Tumerudi juzi kutoka nyumbani, tulipeleka mapacha kuona wanyama hifadhi moja kaskazini. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na kitambulisho cha taifa cha NIDA, wao wana ya Ujerumani ya baba yao na vyeti vya kuzaliwa vyenye jina langu. Karani getini akasema watoto ni wageni, walipe dola. Nikamwambia mama yao si mimi hapa, akasema mfumo hausomi mama unasoma pasipoti. Foleni iko nyuma, dereva anasubiri, nikalipa. Hela inauma ndio lakini kilichoniuma zaidi ni mwanangu kuniuliza kwa nini mama ni wa hapa na yeye ni mgeni. Sasa Desemba nataka twende hifadhi ya Mikumi na bibi yao. Je nikibeba cheti kilichotafsiriwa na kugongwa muhuri watalipa kama Watanzania au la?

Kaka wa Leeds:
Pole sana dada. Wangu walipita na cheti tu kule kusini na hakuna aliyeuliza kitu, kwa hiyo ni karani utakayemkuta siku hiyo. Ila kumbuka chini ya miaka 5 ni bure, kuanzia 5 mpaka 15 ni bei ya mtoto, na usiende na keshi mkononi, unalipa kwa kadi au kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali. Ngorongoro pia hivyo hivyo, ni TANAPA hao hao, shirika la hifadhi za taifa.

Mzee wa Oslo:
Ngorongoro sio TANAPA, ni NCAA, mamlaka yake peke yake na malipo yake peke yake. Tusipotoshane jamani, mtu anaweza kulipa sehemu moja akadhani amemaliza kumbe bado. Na wewe mama, hao watoto sio wageni. Sheria ya Uraia ya 1995 iko wazi, aliyezaliwa nje na mzazi mmoja ni Mtanzania ni raia wa kurithi, mradi mzazi mwenyewe naye asiwe wa kurithi. Mpaka miaka 18 anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi zote mbili. Waombee pasipoti yetu ubalozini, mambo ya cheti getini ni kubahatisha.

Dada Mkubwa, Minneapolis:
Shikamoo mzee. Kwenye karatasi ni rahisi hivyo, lakini ofisi moja ilinizungusha na hiyo pasipoti ya mtoto mpaka likizo ikaisha, leo wanataka cheti cha bibi, kesho wanataka cha babu ambaye alizaliwa kabla ya Uhuru kijijini, nani alimwandikia cheti? Mimi mwenyewe nilichukua uraia wa huku kwa sababu ya kazi na sasa naingia kwetu kwa viza. Wenzetu Kenya katiba ya 2010 iliwaruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili na sijaona nchi yao ikiuzwa. Mikumi nayo umenikumbusha mbali, tulikuwa tunapita na basi kwenda Iringa, barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, basi zima linasimama upande mmoja mtu akipiga kelele tembo! tembo! Hakuna aliyetuuliza pasipoti.

Mzee wa Oslo:
Marahaba. Siasa tuweke pembeni mwanangu, mama ameuliza habari ya geti.

Dada Mkubwa, Minneapolis:
Mzee hilo geti ndilo siasa yenyewe.

Kijana wa Muscat:
Niongezee kidogo kuhusu watoto. Msiwakimbize na gari kutafuta simba, simba analala karibu siku nzima, mtoto anaona mkia kwenye majani halafu anachoka. Simameni kwa ngiri, anavyopiga magoti kula majani watoto wangu waliiga sebuleni mwezi mzima. Muonyesheni pimbi juu ya mawe halafu mwambieni ndugu yake ni tembo, hataamini lakini ni kweli. Na kinyesi cha tembo kikiwa karibu na gari tazameni mbegu zilizomo, ndivyo miti inavyosafiri. Nguo nyeusi na bluu iliyokolea acheni, mbung'o wanazipenda. Mkiweza nendeni Februari upande wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, nyumbu wanazaa, ndama anasimama ndani ya dakika chache tu na kuanza kukimbia na mama yake.

Mama Mapacha, Bremen:
Asante kaka, ningependa sana hiyo Februari ila huku Ujerumani kumtoa mtoto shule nje ya likizo ni faini, polisi wanaweza kukuuliza hata uwanja wa ndege. Ndio maana nimebaki na Desemba. Mzee nimekuelewa kuhusu pasipoti, lakini haitatoka kabla ya safari. Kwa hiyo cheti kinakubalika au hakikubaliki? Na muhuri uwe wa nani, wa mtafsiri au wa ubalozi?

Kaka wa Leeds:
Mimi nilisema walipita, sikusema kinakubalika.

Dada Mkubwa, Minneapolis:
Mama, bibi akae kiti cha mbele na yeye ndiye awatajie majina, swala pala, tandala, digidigi, wasiyasikie kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza kutoka kwa dereva. Wangu wanamjua pundamilia kwa kitabu tu na roho inaniuma.

Kijana wa Muscat:
Desemba mkitoka Dar pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro, pale mchukue gari, bibi hatachoka. Ila gari liwe la juu, bonde la Mkata udongo ni mweusi, mvua ikinyesha gari dogo halitoki. Habari ya muhuri ntamuuliza shemeji, yeye anapeleka wageni huko kila wiki.