Marathon: Waathene walipigana peke yao?

Mleta mada: Wakuu, kuna jambo linanikera. Mwaka 490 KK Waajemi walishuka ufukweni Marathon, Ugiriki, kuwapiga Waathene. Wasparta walipoombwa msaada walisema dini yao hairuhusu kutoka mpaka mwezi uwe mpevu. Plataea, mji mdogo tu, ulitoa wanaume wake wote, wakashika ubavu wa kushoto. Haijatimia miaka 60, wajumbe wa Athene wanasimama Sparta na kujigamba kuwa Marathon walipigana peke yao! Hotuba hiyo anayo Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki. Huu si usahaulifu, ni wizi.

Mchangiaji wa 1: Wizi ni neno zito, mkuu. Herodotus, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, anasema kwenye sikukuu zao kubwa za kila miaka minne, mpiga mbiu wa Athene aliwaombea heri Waathene na Waplataea kwa pamoja. Unayemwibia utamwombea dua hadharani?

Mleta mada: Dua haina gharama. Angalia makaburi: Waathene 192 walipata tuta lao na majina yao kuchongwa. Waplataea wakazikwa kwingine.

Mchangiaji wa 2: Kwingine na nani? Malizia. Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki, alipita pale karne ya 2 BK, akaandika kwamba kaburi hilo ni la Waplataea na watumwa, maana siku ile watumwa walipigana kwa mara ya kwanza. Nyote wawili mmewaruka! Hao hata wa kuwaombea dua hawakuwa naye.

Mchangiaji wa 3: Mimi nawaona Wasparta wabaya zaidi. Mwaka 427 KK, wakiwa vitani na Athene, waliiteka Plataea. Wenyeji wakajitetea: wazee wenu waliokufa hapa mwaka 479 KK tukiwapiga Waajemi, makaburi yao tunayahudumia kila mwaka kwa nguo na malimbuko. Majaji wakarudia swali lao lile lile: katika vita hii mmetufanyia jema gani sisi na wenzetu? Wakauawa watu wasiopungua 200, wanawake wakauzwa utumwani.

Mchangiaji wa 1: Na walionusurika nani aliwapa uraia? Athene.

Mleta mada: Uraia sawa, sibishi. Lakini Plataea ilipotaka kupatana na Sparta mapema, waliosema "msikubali, hatutawaacha" ni Waathene hao hao. Mji ukazingirwa, watu wakaishiwa chakula, na jeshi la Athene halikutokea.