Kikundi cha familia: "Hilo neno lifute"

Dula: Shikamooni nyote. Orodha yangu ya viungo kumi bora wa soka, wale wachezaji wa katikati, imekamilika: Xavi, Iniesta, Modrić, Zidane, Pirlo, Busquets, Kroos, Kanté, De Bruyne, Yaya Touré. Anayepinga aseme.

Mjomba Hamisi: Marahaba mpwa wangu. Orodha ina watu. Redondo wa Real Madrid umemwacha wapi?

Dula: Sikumwona akicheza mjomba.

Mjomba Hamisi: Zidane ulimwona? Na Wilshere wa Arsenal je? Diaby?

Dula: Mjomba, hao ni wagonjwa! Diaby kakaa Arsenal miaka tisa, muda mwingi yuko kwa daktari. Wilshere kastaafu ana miaka 30. Mtu asiyecheza unampimaje?

Asha: Dula, hilo neno lifute. Mimi kazi yangu kila siku ni kutibu magoti na vifundo vya watu. Aliyeumia kazini usimwite mgonjwa kwa kumdharau.

Dula: Samahani dada, nimelifuta. Lakini hoja yangu iko palepale. Jumamosi kocha anapanga timu, mchezaji hayupo. Kipaji chake kinamsaidia nini?

Shangazi Mwajuma: Hapo mtoto kasema kweli jamani. Mtu analipwa mwezi hadi mwezi, kazini haonekani.

Mjomba Hamisi: Ngojeni nifike nyumbani nikae vizuri.

Mjomba Hamisi: Haya, nimekaa. Dula, umeuliza maswali mawili ukadhani ni moja. Klabu ilipata nini kwake? Hapo hesabu mechi, na sibishani nawe. Arsenal walipata kwa Diaby kidogo kuliko walichotarajia, hata yeye nadhani asingekataa. Swali la pili ni alikuwa mchezaji wa namna gani, na hilo huwezi kulijibu kwa daftari la mahudhurio. Tarehe 2 Septemba 2012 Arsenal walikwenda Anfield kwa Liverpool wakashinda 2-0. Walifunga Podolski na Cazorla, lakini mimi jicho langu lilikuwa kwa Diaby. Mtu mrefu vile, anapokea mpira katikati ya msongamano, anausogeza kwa unyayo kidogo tu, na huyo kashapita. Nilisema siku ile, huyu akipewa miaka mitatu ya uzima hakuna wa kumsogelea. Hakupewa.

Mjomba Hamisi: Na mjue alikoanzia. Mei 2006, ugenini Sunderland. Arsenal wanaongoza 3-0, mechi iko ukingoni, matokeo hayabadiliki tena. Kijana wa miaka 19 anavunjwa kifundo. Mpaka leo nikiikumbuka rafu ile roho inaniuma.

Asha: Watu husema fulani kaumia mara 30, mara 40, kama vile kila jeraha lilikuja peke yake. Kifundo kisiporudi sawasawa, mtu anabadilisha namna ya kukanyaga bila kujua. Goti linabeba mzigo usio wake, halafu nyonga, halafu msuli wa nyuma ya paja. Majeraha mengi huwa ni watoto wa jeraha moja. Kwenye kazi yetu, ukitaka kujua nani ataumia, kitu cha kwanza unauliza nani alishaumia.

Dula: Basi nielezeni Gündoğan. Mgongo ulimkosesha Kombe la Dunia 2014. Goti likamkosesha Euro 2016. Desemba 2016 yuko Manchester City, kano ya goti ikakatika. Mwaka 2023 ni yeye nahodha anayebeba mataji matatu msimu mmoja, na fainali ya Kombe la FA kafunga sekunde ya 12! Na Cazorla je? Kano ya kisigino ililiwa na bakteria, akachunwa ngozi ya mkononi yenye tatuu wakaibandika kifundoni. Mwaka 2019 karudi timu ya taifa ya Hispania. Mwaka 2025 kaisaidia klabu ya Oviedo kupanda Ligi Kuu ya Hispania, ana miaka 40. Wao waliweza.

Mjomba Hamisi: Huyu mtoto anasoma mpira kuliko vitabu vyake.

Shangazi Mwajuma: Jibuni swali.

Asha: Nalijibu mimi. Majeraha hayafanani, Dula. Kano ya goti ikikatika inawekwa nyingine, na mtu akifanya mazoezi yake kwa subira, miezi tisa au mwaka anaweza kurudi. Ni kazi ngumu, lakini njia inajulikana. Gegedu la goti ni jambo lingine kabisa. Halina mishipa ya damu, likichakaa halijirudishi kama nyama inavyojirudisha. Halafu kuna ule ufa mdogo wa mfupa unaotokana na mzigo kujirudia. Ule huletwa na kukanyaga, kukanyaga, kukanyaga, mfupa haupewi nafasi ya kujijenga. Ndio uliompata Wilshere kifundoni. Msimu wa 2010-11 alicheza Arsenal mechi 49, alikuwa na miaka 18 kuingia 19. Msimu uliofuata wote hakugusa mpira. Sasa kumlinganisha na aliyekatika kano ni kulinganisha aliyevunjika mkono na aliyepoteza jicho.

Asha: Na kiungo yuko hatarini kwa namna yake. Mechi moja anakimbia kilomita 11 au 12, na muda mwingi anapokea mpira adui yuko mgongoni. Anajigeuza mguu umekanyaga chini. Goti na kifundo havipendi kuzungushwa hivyo mara mia kwa siku.

Mjomba Hamisi: Pedri wa Barcelona msimu wa 2020-21 alicheza mechi 73. Klabu, timu ya taifa, Euro, kisha Olimpiki. Miaka 18. Msuli wa paja ukamsumbua misimu kadhaa baada ya hapo.

Shangazi Mwajuma: 73?? Mtoto wa miaka 18? Watu wazima walikuwa wapi?

Dula: Hata mimi hiyo sikuijua. Nilijua tu kwamba anaumia sana.

Shangazi Mwajuma: Ila suala la mshahara bado linanikaa shingoni.

Mjomba Hamisi: Shemeji, hapo ndipo namleta Redondo. Mwaka 2000 ni nahodha wa Real Madrid, wamebeba Ligi ya Mabingwa. Robo fainali Old Trafford, kwa Manchester United, kampita beki pembeni kabisa kwa kisigino, kakimbia akauchukua mwenyewe, kampa Raúl afunge. Kisigino kile Dula kitafute leo hii. Kiangazi akauzwa Milan. Mazoezi ya mwanzoni tu, yuko kwenye mashine ya kukimbilia, goti likaharibika. Zaidi ya miaka miwili hakucheza. Akawaambia Milan wasimlipe mpaka atakapopona.

Shangazi Mwajuma: Mwenyewe? Bila kuombwa?

Mjomba Hamisi: Mwenyewe.

Shangazi Mwajuma: Huyo nimempenda. Mwekeni kwenye orodha.

Dula: Lakini sasa tukienda hivi kila aliyeumia atakuwa gwiji. Kila mtu atasema "angekuwa mzima angekuwa Zidane".

Mjomba Hamisi: La, na hapo uko sahihi. Mimi "angekuwa" siihesabu. Nahesabu alichokifanya, nikiangalia alikifanya mbele ya nani na alikirudia mara ngapi. Redondo alikirudia miaka mingi kabla ya goti, na mataji mawili ya Ulaya, 1998 na 2000. Huyo ni wa kumi bora kwangu, Milan haimpunguzii kitu. Essien wa Chelsea kano ya goti ilikatika Septemba 2008 akiichezea Ghana. Mei 2009 alikuwa keshapona, kawapiga Barcelona lile kombora la mguu wa kushoto nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Goti likamrudia tena na tena baada ya hapo, lakini alishatuonyesha misimu ya kutosha. Wilshere alituonyesha msimu mmoja kamili na vipande. Kumi bora hapana. Ila kusema hakuwa na kitu, hapo tutakosana.

Asha: Na majina ya utani yanadanganya. Yule Darren Anderton wa Tottenham Waingereza walimpa jina la cheti cha mgonjwa. Ukiangalia, aliichezea Tottenham mechi 299 za ligi. Watu wangapi wenye afya zao hawafiki hapo?

Dula: 299?!

Shangazi Mwajuma: Rama naona unasoma tu. Mbona kimya?

Ba' Mdogo Rama: Nipo dada. Nilikuwa naandika nafuta.

Ba' Mdogo Rama: Dula hukukosea kuuliza. Nami nakuambia jambo ambalo takwimu hazina. Nilikuwa na miaka 20, nacheza kiungo, goti limejaa maji, ukilibonyeza kidole kinazama. Kocha akasema uchomwe sindano ucheze, kuna watu wanakuja kukuona. Nilicheza. Dakika ya 60 hivi nikageuka na goti likabaki.

Baada ya mwaka nilirudi. Mguu ulikuwa na nguvu, mbio zilikuwepo. Kilichokosekana ni kule kugeuka. Kiungo anaishi kwa kugeuka: mpira unakuja, mtu yuko mgongoni kwako, unafungua mwili unaondoka nao. Mimi mpira ukija nilikuwa naurudisha kwa beki. Mguu wa kushoto ulikuwa unakataa kabla sijaamua. Jukwaani nasikia watu, "Rama kaisha, haoni mbele." Nilikuwa naona kila kitu. Winga kakimbia, naiona njia ya pasi iko wazi kabisa, na siwezi kugeuka kuipiga.

Shangazi Mwajuma: Mdogo wangu. Miaka yote hii.

Mjomba Hamisi: Shemeji, haya hukuwahi kutuambia.

Ba' Mdogo Rama: Mlikuwa mnaniuliza goti linaendeleaje, nami nawajibu linaendelea vizuri. Goti kweli lilikuwa vizuri.

Asha: Ba' mdogo, hilo nalikuta kwa watu wengi. Mashine inasema mguu umepona, mwenye mguu hauamini. Sikujua ni wewe pia.

Ba' Mdogo Rama: Kwa hiyo Dula, ukitaka kumpima mtu aliyeumia, kwanza tafuta tarehe. Jua unamwangalia kabla au baada. Wilshere wa West Ham si yule wa Februari 2011. Itafute mechi ya Arsenal na Barcelona, tarehe 16. Xavi, Iniesta na Busquets, wote watatu wa kwenye orodha yako, wako upande wa pili. Usifuate mpira. Mwangalie yeye peke yake, hasa sekunde mbili kabla mpira haujamfikia.

Dula: Naitafuta sasa hivi.

Shangazi Mwajuma: Rama nakupigia, pokea.

Dula: Nimerudi. Mmelala?

Mjomba Hamisi: Tupo.

Dula: Nimeirudia mara mbili. Ba' mdogo, anageuka! Mpira unakuja Barcelona wanamkimbilia, yeye keshafungua mwili, anapita katikati yao. Nilikuwa nafikiri viungo wote waliocheza na Barcelona ile walikuwa wanakimbizwa tu. Na goli la Arshavin, pasi ya kumtoa Fàbregas imeanzia kwake. Ana miaka 19. Halafu najua kwamba miezi mitano mbele kile kifundo... nikawa naangalia mguu wake kila akikanyaga.

Ba' Mdogo Rama: Sasa unaangalia kama mimi.

Dula: Kumi bora bado simwingizi. Redondo namwingiza, nimekiona na kile kisigino. Namtoa Yaya, roho inaniuma. Mjomba, ile ya Diaby na Liverpool unayo nzima au vipande?

Mjomba Hamisi: Ninayo nzima. Ngoja niitafute, ni faili kubwa.