Tamasha la jodari la Carloforte au la kuskusi la San Vito Lo Capo: twende lipi?

Mwana wa Pangani:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Nina siku tano za likizo ambazo nimeahidi kuzitumia mahali penye bahari na chakula cha maana, na baada ya kutafuta kwa majuma mawili nimebakiwa na matamasha mawili, yote ya Italia na yote ya visiwani. La kwanza ni Girotonno, tamasha la jodari linalofanyika mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni huko Carloforte, mji wa kisiwa kidogo cha San Pietro, kusini-magharibi mwa Sardinia. La pili ni Cous Cous Fest (tamasha la kuskusi, yaani punje za suji zilizopikwa kwa mvuke) ya San Vito Lo Capo, katika mkoa wa Trapani huko Sisilia, ambayo hufanyika kila Septemba tangu mwaka 1998. Nimeshikiwa vyumba pande zote mbili na sina budi kuachia kimoja kabla ya Ijumaa. Kwa aliyewahi kufika, ni lipi bora?

Bi Karafuu:

Ndugu yangu, swali lako halina kichwa wala miguu. Unatokea wapi? Mko wangapi, na wa umri gani? Unaendesha gari? Kuna chakula msichokula? Hata fundi hodari hawezi kukukatia kanzu kabla hujasimama mbele yake akupime. Tena matamasha haya yametengana kwa zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo sielewi inakuwaje likizo moja iweze kuangukia Juni na pia Septemba.

Nahodha Mstaafu:

Mimi sihitaji maelezo zaidi: nenda Carloforte. San Vito ni mji wa ufukweni ambao una tamasha, lakini Carloforte ni mji ambao ungestahili safari hata kama tamasha lisingekuwapo. Ulianzishwa mwaka 1738 na watu wenye asili ya Liguria, jimbo la Genova huko kaskazini mwa Italia, ambao wazee wao walikuwa wameishi karibu karne mbili huko Tabarka, katika pwani ya Tunisia, wakivua marijani. Hali ilipowawia ngumu, Mfalme Carlo Emanuele III wa Sardinia aliwapa kisiwa hicho, na mpaka leo wajukuu wao huzungumza lahaja ya Kigenova katikati ya bahari ya Sardinia. Mwaka 1798 maharamia kutoka Tunis waliuvamia mji na kuwachukua mamia ya watu, ambao walikaa utumwani hadi mwaka 1803. Historia yote hiyo imo sahanini: pesto ya Genova (mchuzi wa mrehani uliopondwa), jodari wa pale pale, na kuskusi ya mboga waliyotoka nayo Tunisia, ambayo wao huiita cascà.

Kuhusu jodari, wenye asili ya pwani mtaelewa haraka kuliko Wazungu wa bara. Tonnara yao ni wando mkubwa wa nyavu uliotegwa baharini, wenye vyumba vinavyofuatana, na jodari wanaoingia Mediterania kutaga mayai kati ya Mei na Juni hupita chumba hadi chumba mpaka kile cha mwisho, kinachoitwa chumba cha mauti. Mkuu wa wavuvi hao huitwa rais. Neno ni lile lile la Kiarabu tulilowapa wakuu wa nchi, ila huyu wao hupanda mashua na kulowa.

Mama Suji:

Nahodha, shikamoo, lakini leo sitakunyamazia. Nimeishi Palermo, Sisilia, miaka kumi na moja, na ninapinga kwamba San Vito haina kitu zaidi ya mchanga. Kanisa lake la katikati ya mji ni ngome kabisa, lina kuta nene zisizo na mapambo, kwa sababu mahujaji walipaswa kulindwa dhidi ya hao hao maharamia unaowataja. Kuhusu chakula, kuskusi ya mkoa wa Trapani ni ya samaki, na kwa mtu wa pwani sioni mjadala uko wapi.

Mwaka wa kwanza nilimtazama bibi mmoja akiitengeneza barazani kwake, na mpaka leo vidole vyake sijavisahau. Alimwaga suji kidogo kidogo katika bakuli pana la udongo liitwalo mafaradda, akanyunyiza maji ya chumvi kwa mkono wa kushoto, huku vidole vya kulia vikizunguka duara moja tu bila kukandamiza, mpaka suji ikajikusanya kuwa punje zinazolingana na chenga za mchele. Alizipika kwa mvuke katika chungu chenye matundu kilichopachikwa juu ya sufuria, na pale vyombo vilipokutana akaziba kwa mkanda wa unga uliokandwa, kama tunavyoziba sufuria ya biriani kabla ya kupalia makaa. Zilipoiva alizimwagia mchuzi mwepesi wa samaki wa mwambani uliochemshwa kwa nyanya, kitunguu saumu na lozi, kisha akalifunika bakuli kwa blanketi la sufu na kutufukuza kwa muda wa saa nzima. Nilidhani ananitania na hilo blanketi. Tulipofunua, kila punje ilikuwa imekunywa mchuzi na hakuna iliyoshikana na mwenziwe.

Msomi wa Tunis:

Nimesoma nchini Tunisia na ningeomba tusisahau kwamba kuskusi ni ya Maghreb. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi usioshikika kwa ombi la pamoja la Aljeria, Mauritania, Moroko na Tunisia. Italia haimo. Kulipa nauli ya kwenda Sisilia kula chakula cha Tunisia ni sawa na kusafiri hadi Lamu kutafuta mtori.

Mama Suji:

Hakuna aliyesema Wasisilia ndio waanzilishi, na tamasha lenyewe huwaalika wapishi wa nchi hizo kushindana na wa kwingineko, kwa hiyo hakuna kilichoibwa hapo. Waarabu walitua Mazara mwaka 827 na Palermo ikaanguka mikononi mwao mwaka 831. Walichoacha kiko katika mashamba na katika lugha. Zabibu za kisiwa cha Pantelleria huitwa zibibbo mpaka leo. Sikia neno hilo halafu uniambie kama unahitaji mkalimani.

Mwana wa Pangani:

Nashukuru, na ninaomba radhi kwa kuficha yaliyo muhimu, ingawa haikuwa kwa makusudi. Ninaishi Stuttgart pamoja na mke wangu. Atakayesafiri nasi ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, anayekuja kutoka Tanga kututembelea kwa mara ya kwanza. Goti lake la kulia humsumbua akipanda ngazi. Yeye hali nguruwe wala chochote kilichopikwa kwa pombe. Mimi na mke wangu hatuendeshi gari. Chumba cha Carloforte kiko juu kidogo, katika mtaa wa zamani. Kile cha pili hakiko San Vito kwenyewe bali Trapani mjini, kwa sababu bei ya San Vito wakati wa tamasha ilinishinda. Nilidhani tutakwenda na kurudi kwa basi kila siku.

Bi Karafuu:

Kumbe mama ndiye kiini cha safari, nawe ukamweka katika ujumbe wa pili! Hapo mambo yote yanabadilika. Sasa sema: viza yake ni ya kuanzia lini hadi lini? Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ikiwa ya muda mfupi haizidi siku 90 katika kila siku 180, hivyo hawezi kukaa kutoka Mei hadi Septemba. Tarehe zake zikijulikana, huenda hata hatuna cha kulinganisha hapa. Na bima yake ya safari, je? Ubalozi hudai bima isiyopungua yuro 30,000.

Msafiri wa Usiku:

Soma hili kabla hujaachia chumba chochote, kwa sababu mpango wako wa kulala Trapani ndio ulioniumbua mimi.

Tulikwenda watu watatu, mimi, dada yangu na mtoto wake wa miaka sita. Tulipanga Trapani kwa sababu hizo hizo za bei, na asubuhi tulipanda basi hadi San Vito, safari ya kilomita takriban 40 ambayo kwenye ramani haina neno lakini barabarani huzunguka milima kwa zaidi ya saa moja. Mchana ulikuwa mzuri. Tulinunua tiketi za kuonja, ambazo humpa mtu sahani ya kuskusi pamoja na kitamutamu na kinywaji, tukala, mtoto akaogelea. Jioni kulikuwa na tamasha la muziki la bure, na kwa kuwa nilikuwa nimeipiga picha ratiba ya mabasi pale kituoni, nilijiona mjanja. Nilichokuwa nimekipiga picha ni ratiba ya siku za kazi, na siku ile ilikuwa Jumapili. Tulipofika kituoni hapakuwa na mtu isipokuwa mbwa mmoja na familia ya Kijerumani iliyofanya kosa kama letu.

Nilipiga simu kwa madereva wa teksi watatu. Wawili hawakupokea, na wa tatu alitaja bei iliyozidi ya chumba chetu cha usiku mzima, kisha akasema atakuja baada ya saa mbili. Tulikaa kwenye ngazi za lile kanisa analolisifu Mama Suji, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu na nywele bado zina chumvi. Wajerumani ndio waliotuokoa, kwa sababu baba yao aliweza kubishana kwa Kiitaliano na gharama tukagawana. Tulifika Trapani saa nane za usiku na mlango wa nyumba ya wageni ulikuwa umefungwa. Mwenye nyumba aliposhuka kutufungulia hakutuamkia, na siku zote mbili zilizobaki hakutuamkia.

Sisemi msiende. Ninasema kwamba ukiwa na mama mwenye goti bovu, lala San Vito kwenyewe, ambako katikati ya mji ni tambarare, hata kama itabidi upunguze siku mbili.

Nahodha Mstaafu:

Hayo yote yasingetokea Carloforte, kwa kuwa tamasha, chumba na bandari viko ndani ya mji mmoja.

Msafiri wa Usiku:

Mzee wangu, kwa heshima zote, kufika huko Carloforte je? Kutoka Cagliari ni safari ya nchi kavu hadi bandari ya Portovesme, kisha ni feri ya kama dakika 40. Ule upepo wao mkali wa maestrale ukivuma, feri hazitoki, na mtu hukaa bandarini akiyahesabu mawimbi. Hapo hapo ndugu yetu ametwambia chumba kiko juu katika mtaa wa zamani, maana yake ni vichochoro vya ngazi.

Nahodha Mstaafu:

Upepo nimeuzoea maisha yangu yote na mwanzoni mwa Juni mara nyingi hali huwa shwari. Kuhusu ngazi, hapo umenishika. Na atafute chumba pale chini, karibu na bandari.

Mpenda Vitafunio:

Naona mmesahau kwamba kuna kitu kinaitwa arancina, donge la wali lililojazwa kitu ndani na kukaangwa. Mtu akifika Trapani au Palermo aagize arancina, ya kike, ya mviringo. Upande wa Catania huitwa arancino, ya kiume, yenye ncha, na ukikosea jina utasahihishwa mbele ya watu. Ila mama aulize kilichomo kwanza, maana ya nyama mara nyingi huwa na nguruwe.

Mama Suji:

Hilo la nguruwe ni la kweli, na niongeze la pombe: wapo wanaotia divai nyeupe katika mchuzi wa samaki, kwa hiyo ni wajibu wenu kuuliza kila mahali. Ndugu Mwana wa Pangani, jifunze kusema "senza vino, senza maiale". Hiyo inatosha, na hakuna atakayekasirika. Girotonno nayo si salama moja kwa moja kwa sababu tu ni ya samaki. Wapishi wa mashindano hupenda kumfungia jodari ndani ya mafuta ya nguruwe ili wawashangaze majaji.

Msomi wa Tunis:

Ndiyo maana ninarudia kwamba Tunis ingewapunguzieni maswali yote haya, tena kuskusi ya samaki mngeikuta huko huko kwa wenyewe.

Bi Karafuu:

Mama ana viza ya Schengen, kaka, naye Tunis si Schengen. Akitoka kwa viza ya kuingia mara moja, ataingiaje tena Stuttgart?

Mwana wa Pangani:

Nimewasoma wote, na kwa kweli nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipoanza. Jana usiku nilimpigia mama na kumweleza kila kitu, jodari na kuskusi, feri na basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hiyo kuskusi huliwa kwa mkono. Mke wangu anaelekea San Vito kwa siku tatu, mimi bado moyo uko Carloforte, na mwenye chumba cha Trapani ameniandikia leo asubuhi akitaka jibu.

Mama Suji:

Huliwa kwa kijiko, ila mwambie mama akila kwa mkono nyumbani kwangu Palermo hakuna atakayemtazama mara mbili.

Bi Karafuu:

Tarehe za viza, kaka. Bado hujazitaja.